Flashi Iliyoamka Kirua Vunjo

Fundi Remigius alimwona mwenyekiti tangu anashuka kwenye bodaboda, kakumbatia kompyuta iliyofungwa kwenye kanga kama mtoto mwenye degedege. Pale sokoni Kiboriloni meza za mafundi ziko nyingi, lakini yule mzee alipita zote akaja moja kwa moja kwake. Remigius akafuta kiti kwa mkono wa shati. Wenyeviti wa nchi hii hawajui kufungua kitu chochote isipokuwa vikao, na huyu alionekana amevifungua vingi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Umejuaje mimi ni mwenyekiti?"

"Tumbo limetangulia, mzee wangu. Karibu."

Aliitwa Sylvanus, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa kahawa kule Kirua Vunjo. Wafadhili walikipa kikundi kompyuta moja na miche elfu mbili ya kahawa. Orodha ya nani kapata miche mingapi ilikuwa humo ndani ya kompyuta, na kompyuta imegoma kuwaka. Jumamosi wanachama wanataka kuiona orodha kwa macho yao.

"Mfumo umekufa," alisema Remigius, kwa sauti ya kutoa pole. "Lakini mimi nina flashi. Ndani yake kuna mfumo mwingine kabisa, mzima. Ukiichomeka, kompyuta inaacha kichwa chake inatumia kichwa cha flashi. Hata marehemu anaamka."

"Na asipoamka?"

"Namshusha mjini, analazwa."

"Kwa muda gani?"

"Wagonjwa wengine hawarudi, Mwenyekiti."

Mzee akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Hapo ndipo Remigius alipotakiwa kushtuka. Hakushtuka.

Mpango wa Remigius ulikuwa mwepesi. Mfumo hauwekwi kwenye flashi kwa kunakiliwa tu kama nyimbo za kwaya. Una namna yake ya kuchomwa, la sivyo kompyuta inaitazama flashi na haioni kitu. Remigius alikuwa na flashi mbili zinazofanana kama mapacha. Nzima ilikaa mfuko wa kushoto, ya wateja wakali. Mbovu, ile iliyonakiliwa kama nyimbo, ilikaa mfuko wa kulia, ya viongozi. Mbovu ikishagoma mbele ya mashahidi, kompyuta inashuka mjini kwa baraka za wote, na kule ina mnunuzi. Dhamiri haikumsumbua. Mkewe alikufa akisubiri gari la wagonjwa ambalo siku hiyo lilikuwa limembeba mkubwa mmoja kwenda harusini. Tangu hapo Remigius hakuona dhambi kumnyang'anya mwenye cheo.

Jumamosi Remigius akapanda Kirua, na wanachama wakajaa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwa Bibi Kornelia, mwanachama mkongwe kuliko wote. Kabla ya kazi ikaja mbege, pombe ya ndizi. Bibi akaonja kwanza, mgeni aone haina sumu, kisha akampa kata. Kata hairudishwi na kitu ndani. Ikaja ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa ya salamu tu.

Remigius akachomeka flashi ya mfuko wa kulia, akawasha. Kioo cheusi, maandishi meupe.

"Inasema nini?" akauliza Kornelia.

"Inasema haioni cha kuwashia. Tutabadilisha tundu."

Akabadilisha tundu. Giza lilelile. Akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta maneno.

"Kuna mlinzi humu ndani, bibi. Kazi yake kuzuia mfumo mgeni usio na barua."

"Kama ofisi zetu."

"Kabisa. Ngoja nimpumzishe."

Akabonyeza vitufe vya juu, akaingia kwenye mipangilio, akampumzisha mlinzi kweli, maana alijua hakuna madhara. Kioo kikabaki cheusi. Mambo yakawa mazuri. Akaitoa flashi, akaitia mfukoni, akatangaza jaribio la tatu na la mwisho, kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Akaingiza mkono mfukoni tena. Kwa bahati mbaya, mbege ilikuwa imeshahamisha kushoto na kulia.

Kompyuta ikawaka. Kioo kikatoa ndege mnene mweusi mwenye tumbo jeupe, nembo ya mfumo wa flashi, kisha rangi ya bluu iliyojaa alama ndogondogo. Akina mama wakapiga vigelegele. Remigius akatoka jasho la mtu aliyeponya kilema kwa makosa. Mwenyekiti Sylvanus akaangusha kata yake.

"Sasa orodha," alisema Kornelia.

Remigius akatafuta. Hakuna diski. Akaigeuza kompyuta, akafungua skrubu za mfuniko. Pale inapokaa diski palikuwa na jani la mgomba lililokauka, limekunjwa vizuri. Flashi haikujali. Yenyewe ilikuja na kichwa chake.

Mwenyekiti akamvuta migombani.

"Wewe mjinga, nani kakwambia uiponye?"

"Si uliniletea niiponye?"

"Nilikuletea uiibe, diski niliyoitoa isiulizwe! Watu watatu waliniapia kwamba ukimpa Remigius mashine hairudi. Unadhani nilipita mafundi wote wale kukufuata wewe kwa sura?"

Kabla Remigius hajameza hilo, mzee alikwishageukia umati, mikono juu. "Jamani! Fundi amefuta orodha yetu!"

Watu waliokuwa wamekaa wakasimama. Kirua watu huenda mkutanoni na mapanga kwa sababu njiani hukatwa majani ya ng'ombe, na Remigius akayaona yote kwa pamoja.

"Haijafutwa!" alipiga kelele. "Mfumo huu unaanza orodha upya! Kila mtu ataje miche aliyopokea!"

Akafungua ukurasa mtupu, akaandika. Elisifa, minne. Victoria, hakupata. Mpaka mtu wa mwisho, jumla ikawa mia mbili na kumi na moja. Kornelia akamtazama mwenyekiti, akafunga kanga vizuri kiunoni, akasema, "Twendeni tukamtembelee shambani." Huko, ng'ambo ya korongo, miche iliyobaki ilikuwa imepangwa kivulini ikiwa bado kwenye viriba vyake, imemwagiliwa asubuhi hiyohiyo. Mpaka saa kumi mwenyekiti alikuwa akiigawa nyumba kwa nyumba, kaibeba kichwani.

Remigius aliangalia kompyuta. Ilikuwa bado inawaka, na bado ilikuwa na mnunuzi.

"Bibi," alisema, "kuna hatari. Mfumo wa flashi hauna kumbukumbu. Ukizimika tu, orodha imekwenda. Lazima niishushe mjini ikiwa hivihivi inawaka, ikahifadhiwe kitaalamu."

"Ikizimika inasahau yote?"

"Yote."

"Na anayejua kuilinda isizimike ni wewe?"

"Peke yangu."

"Basi haizimwi, haitoki, na wewe hutoki. Mkubwa wa wilaya amesema anakuja wiki ijayo kuishuhudia. Utatulindia mpaka aje."

Huu ni mwezi wa tatu. Mkubwa bado anakuja wiki ijayo. Remigius analinda kompyuta barazani kwa Kornelia. Umeme ukikatika anakimbilia waya wa sola kwa jirani. Kukiri kwamba orodha ingehifadhiwa kwenye simu kwa dakika moja ni kukiri kwamba alidanganya, na mapanga bado yako palepale. Kutoroka ndiyo kabisa, kwa kuwa waendesha bodaboda wote wa pale ni wajukuu wa bibi. Wakati anasubiri, wanachama wanamletea vitu vidogovidogo vya kutengeneza: simu, pasi, spika ya kanisa la kigango. Malipo ni ndizi na mbege.

Jumanne iliyopita Kornelia alitoka kukagua miche, akakaa karibu yake, akafungua daftari na kuanza kuweka alama. Remigius akachungulia. Elisifa, minne. Victoria, hakupata.

"Bibi! Kumbe orodha mnayo?"

"Tangu siku ileile. Mjukuu wangu Salvina aliandika wakati wewe unabonyeza."

"Sasa mimi hapa nalinda nini?"

Bibi akainama, akatoa kitu chini ya kiti, akakiweka mezani mbele yake.

"Redio ya Elisifa inakoroma," alisema. "Anza na hiyo."