Malalamiko Kuhusu Agizo la Kutembea Mpaka Kwako

Kwa: Shemeji Mkubwa, Mwalimu Mstaafu wa Michezo na Msimamizi wa Afya Yangu (kwa kujiteua).

Kutoka: Fundi, mume wa marehemu mdogo wako.

YAH: KUKOSA NAFASI YA KUFANYA MAZOEZI, PAMOJA NA MAMBO YANAYOFANANA NA HAYO

Shemeji mheshimiwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, ambapo kwa jinsi ninavyokufahamu najua umesimama. Sisi huku wazima. Mjukuu anakula vizuri, binti yangu anakwenda kazini kwake kwenye kiwanda cha mikate, na cherehani inaimba. Mgonjwa ni mmoja tu, naye ni huyu unayemtibu wewe.

Nakuandikia kwa heshima zote kulalamikia agizo ulilolitoa siku tuliyotoka zahanati. Utakumbuka daktari alitazama miguu yangu iliyovimba, akatazama kipimo cha presha, kisha akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nashona nguo. Akasema, "Kwa hiyo unakaa," kwa sauti ambayo watu huitumia kumwambia mtu, "Kwa hiyo unaiba." Wewe ulikuwa nyuma yangu kama mzazi aliyeitwa shuleni, ukaniwahi kujibu, "Anakaa, Daktari. Anakaa mno."

Tulipofika nje ukaagiza kwamba kila siku jua likipoa nifunge duka, nitembee kwa miguu mpaka nyumbani kwako, ninywe maji, nirudi. Nilipofungua mdomo ukanikata: "Shem, usinijibu. Mimi sina machozi ya kuzika mtu mwingine kutoka nyumba ile."

Sikukujibu. Nakujibu sasa kwa maandishi, kwa kuwa kwa mdomo sijawahi kumwona mtu aliyekushinda. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kuhusu cherehani. Agizo lako linachukulia kwamba miguu yangu haina kazi. Cherehani yangu, kama ujuavyo, ni ya kukanyaga. Nimeikanyaga tangu sina ndevu mpaka sasa ndevu zimekuwa nyeupe. Kama kile kikanyagio kingefungwa magurudumu, leo ningekuwa nimeshavuka mipaka ya nchi kadhaa, sindano ikiwa mbele yangu na rundo la sare za shule mapajani. Nilipokueleza hivi kwenye simu, uliniuliza, "Na umefika wapi?" Nakubali kwamba swali lilikuwa gumu. Hata hivyo nashikilia kwamba kutofika si kosa la miguu.

2. Kuhusu asubuhi. Ulisema kama jioni siwezi, basi nitembee asubuhi. Shemeji, asubuhi yangu ina mwenyewe. Binti akishatoka kwenda kazini ninabaki na mjukuu, ambaye kwa utani wa babu na mjukuu ni mke wangu, na ni mke mwenye wivu. Nikivaa viatu, naye analeta vyake. Nikisema naenda kutembea, ananiuliza, "Na nani?" Basi tunatoka wote. Anasimama kuwaangalia sisimizi. Anasimama kumsalimia paka. Tukishampita paka, anakumbuka kwamba hakumuaga, tunarudi. Tukifika geti la jirani anasema miguu yake imeisha, na mimi niliyetoka nyumbani kama mwanamichezo narudi kama mchukuzi.

Nikajaribu mazoezi ya ndani, yale ya kulala kifudifudi na kujiinua kwa mikono. Nilipolala, akapanda mgongoni akasema, "Twende." Nilibaki pale sakafuni nikisubiri achoke. Huyu mtoto hachoki. Nadhani ni wa upande wenu.

3. Kuhusu wateja. Hili ndilo kubwa, nawe huwezi kulijua, maana mwalimu wa michezo hadaiwi nguo. Fundi wa nguo, shemeji, si mtu wa kuonekana akitembea. Kinyozi jirani yangu anaweza kutembea popote, kwa sababu kila mteja wake ameondoka na kichwa chake kikiwa tayari. Mimi kila geti lililoko kwenye njia ya kuja kwako lina mtu ambaye kitambaa chake kiko kwenye rafu yangu.

Siku ya kwanza niliyotii agizo lako sikumaliza hata mtaa wetu. Mama mmoja akaniona, akashika kiuno: "Heee! Fundi! Kumbe miguu ya kutembelea unayo, mikono ya kupindia sketi yangu ndiyo huna?" Mwenzake akamwambia, "Mwache, anatafuta uzi." Nikawaambia kesho. Neno hilo ndilo lililomfanya marehemu aniite Bwana Kesho. Hata pale hospitali alipolazwa, nesi alipouliza nani anabaki naye, marehemu alinyoosha kidole kwangu akasema, "Huyu hapa. Mkimwambia atoke, atawaambia kesho." Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Nami sikutoka.

Siku nyingine nikapita njia ya nyuma, nikakutana uso kwa uso na mama wa bibi harusi. Gauni lake lilikuwa bado halina mikono, na harusi ilikuwa imekaribia. Nikageuka kama mtu aliyesahau funguo. Naye akageuka. Nikaongeza mwendo, akaongeza. Ni mama mnene, amevaa kandambili, lakini ana sababu. Shemeji, nikakimbia. Nilikimbia kama sikuwahi kuoa wala kupata mjukuu. Kinyozi alitoka nje mashine ikiwa mkononi, na mteja wake nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, wakawa wanapiga kelele wote wawili, "Kata kulia, Fundi! Kulia!" Nikakata kulia.

Jioni ile miguu yangu haikuvimba hata kidogo.

4. Kuhusu hoja inayotokana na hapo. Nimelifikiria jambo hili kwa makini, nikiwa nimekaa. Nikimaliza nguo za watu kwa wakati, hakuna anayenifukuza, nami navimba miguu. Nikizichelewesha nafukuzwa, na presha inashuka. Maana yake ni kwamba afya yangu inategemea uvivu wangu, na agizo lako haliwezi kutekelezwa na fundi mwaminifu. Mimi kwa ajili yako nilianza kutekeleza. Nilimchelewesha yule mama mkono wa pili kwa makusudi ya tiba tu. Lakini tiba hii ina madhara ambayo daktari hakuyataja: yule mama naye amepata mazoezi. Kila siku anakuwa mwepesi zaidi. Juzi alinifikia mbele ya benchi la kinyozi, akanishika kola, akaniambia, "Fundi, nikipungua zaidi ya hapa itabidi gauni ulipunguze tena." Kwa hiyo unaona jinsi kazi isivyokwisha.

5. Kuhusu marehemu mdogo wako. Hapa naomba uniruhusu nitoke kidogo kwenye mstari.

Utakumbuka alikuwa akiniletea chai dukani, jua likianza kupanda. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuweka kikombe mezani. Alisimama mlangoni nacho, akasema, "Simama upokee." Nikimwambia mikono imejaa, anasema, "Iache hiyo nguo, haiendi popote." Nilidhani anataka heshima, nikawa nainuka, nasogea mlangoni, napokea. Mkasi nao sikuwahi kuukuta nilipouacha. Alikuwa ameuhamishia rafu ya mwisho, ati meza imejaa. Chaki iko dirishani. Pasi iko upande wa pili wa chumba. Siku nzima nilikuwa nainuka na kunung'unika, na yeye anasema, "Nung'unika, ila lete miguu."

Tangu aondoke, kila kitu kiko karibu. Mkasi uko pajani. Chaki iko mfukoni. Chai iko kwenye chupa, pembeni ya mguu wangu, na hakuna anayenilazimisha kuinuka kuipokea. Imehitaji daktari na miguu iliyovimba ndipo nielewe kwamba yule mwanamke alikuwa ananifanyisha mazoezi bila kuniambia.

Nalalamika, shemeji, kwamba hamkuniambia. Nasema "hamkuniambia" kwa sababu najua ujanja ule aliupata kwako. Ningejua, ningeinuka haraka zaidi.

6. Kuhusu kicheko chako. Usiniambie kwamba sijawahi kujaribu kufika. Zipo siku nilizowapita wateja wote salama, nikafika mpaka kwenye kona ya duka la dawa, ambapo ukuta wa ua wako unaonekana. Kila mara ilikuwa hivyohivyo: wewe uko ndani ya ukuta na jirani yako, mnaanika nguo au mnachambua mboga, sijui, na ghafla unacheka. Mimi nasimama. Nageukia dirisha la duka la dawa, natazama chupa za dawa ya kikohozi kama mtu anayechagua. Mara ya mwisho muuzaji alitoka akaniuliza, "Mzee, kikohozi ni kikavu au cha makohozi?" Nikamwambia si changu. Nikarudi nyumbani.

Kicheko hicho, shemeji, mlizaliwa nacho wawili, na mwenzako amekuachia chote. Kinaanzia chini, kinapanda, halafu kinakatika katikati kama mtu aliyekumbuka chungu kiko jikoni. Mimi nilizoea kukisikia nyumbani kwangu. Nikikisikia kinatokea nyuma ya ukuta wa nyumba nyingine, miguu inasahau kabisa ilikuwa imeagizwa wapi. Nawasilisha hili kama tatizo la kiufundi. Naomba kicheko kirekebishwe, au kama haiwezekani, ubandike ukutani saa zako za kucheka ili watembea kwa miguu tujue.

Kutokana na sababu hizo, nina maombi machache ambayo naamini kila mtu mwenye busara atayaona ni ya haki.

Kwanza, cherehani itambuliwe kuwa baiskeli. Hili halitakugharimu chochote, ni kusema neno tu.

Pili, uwaandikie wateja wangu barua, kwa mwandiko wako ule wa ripoti za shule, kuwaeleza kwamba nguo zao zimechelewa kwa sababu za kitabibu, na kwamba kila anayenifukuza awe anavaa raba.

Tatu, kwa kuwa shida ni umbali kati yangu na wewe, na kwa kuwa wewe ndiye mwenye miguu mizima na umeshastaafu, naomba uhame. Kipo chumba kitupu nyuma ya kinyozi. Kinapata jua la asubuhi. Ukihamia hapo, nitakuwa natembea mpaka kwako kila siku bila kukosa hata mara moja, na siku nyingine nitarudia.

Nne, endapo hayo yote yatakushinda, basi naomba ufanye mazoezi kwa niaba yangu, kama vile mtu anavyotuma mwakilishi kwenye mkutano. Wewe una nafasi, una nguvu na una filimbi. Mimi nina ugonjwa. Kila mmoja akibaki na cha kwake hakuna atakayeonewa. Ukishazunguka mtaa na kutokwa jasho la kutosha, nipigie simu, nami nitapumzika.

Nategemea utaliangalia suala langu kwa jicho lile ulilokuwa ukiwaangalia nalo watoto waliofika mwisho kwenye mbio, ambalo mdogo wako alinisimulia lilikuwa la huruma, ingawa filimbi haikuwa ya huruma.

Nisalimie jirani yako wa kuchambua naye mboga. Msalimie muuzaji wa dawa, umwambie kikohozi hakipo. Ukipita zahanati msalimie daktari, na tafadhali umwambie kwamba barua hii nimeiandika nimesimama, hata kama si yote. Kinyozi anakusalimu, anasema nywele zako za mbele zinahitaji kupunguzwa. Mke wangu mdogo anakusalimu pia, anauliza kama kwako kuna paka.

Nabaki kuwa mtiifu wako katika mambo mengine yote,

Fundi

Nyongeza: Barua hii nilimpa binti aje nayo kwako mchana huu anapopita na mtoto, akaisahau juu ya cherehani. Nikafunga duka ili nimuwahi. Nikaliona gauni lake la maua ya njano mbele huko barabarani, nikalifuata huku naita, lenyewe likaongeza mwendo, nami nikaongeza. Nilipolifikia nikakuta ndani yake mna mama mwingine kabisa. Wote wawili niliwashonea kwa kitambaa kimoja, nikasahau. Maskini, alikuwa anahema, akaniuliza kama nimekuja kulichukua. Nikamwomba radhi, nikainua macho, duka la dawa lilikuwa limeshabaki nyuma yangu.

Sasa niko kwenye ngazi ya mlango wako, naandika haya juu ya goti. Upo ndani unacheka na mtu. Nimesikiliza kwa muda, na bado nipo. Karatasi hii ikipita chini ya mlango usihangaike kuisoma yote, kwa kuwa mengi humo hayana kichwa wala miguu. Nifungulie tu, unipe maji. Na huyo unayecheka naye asiondoke kwa ajili yangu. Endeleeni, mimi nitasimama hapo pembeni.