Akaunti ya Ng'ambo, Mama Mkwe wa Hapa Hapa

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua! Akiba yangu inahamia ng'ambo. Si nyingi, lakini hata kifaranga anahitaji tundu lake. Binamu yangu anayeishi huko anasema benki yao inafungua akaunti kwa simu tu, na fomu ya Kiswahili ipo. Raha iliyoje!

Benki ya hapa sirudi. Keshia wake ni wifi yangu. Mwaka jana nilikuwa nimekaribia kabisa bei ya cherehani ya kudarizi. Wifi akaliona salio asubuhi, jioni familia ikakaa kikao, wiki haikuisha tukaletewa makochi. Mazuri, sikatai. Lakini kila nikikaa najua nimekalia cherehani yangu.

Safari hii hajui mtu, hata mume wangu. Nimemwambia Kijino tu. Ni mwanangu, ana jino moja. Alicheka. Hatasema.

Jumanne, 5 Machi

Fomu imefika. Lahaula! Nilizaliwa wapi, pesa nazitoa wapi, mume anafanya kazi gani, nalipa kodi ya nani. Wifi na umbea wake wote hajawahi kuniuliza hayo. Chini wameandika kwamba siri zangu watazitunza. Sawa, lakini mbona wanazitaka zote kwanza?

Nimejibu kwa adabu. Pesa: nashona nguo za watoto kwa mkono. Wakauliza kama katika familia yangu yupo mtu mwenye madaraka makubwa. Kusema uongo kwenye karatasi za benki ni hatari. Nikaandika: yupo, mama mkwe.

Alhamisi, 7 Machi

Wanataka uthibitisho wa makazi. Bili ya umeme ina jina la mama mkwe. Nyumba ni yake, sisi tunakaa chumba cha uani. Nikaenda kwa karani wa mtaa. Akasema barua atanipa, ila mwenye nyumba atie saini.

Nikampelekea mama, nikasema ni mambo ya kliniki ya Kijino. Akavaa miwani. Akauliza ni kliniki gani hiyo inayotaka kujua kama naishi kwake. Nikasema siku hizi kliniki zimeendelea. Akatia saini taratibu, akasema, "Haya mwanangu. Jino la pili likitoka, sijui watataka hati ya kiwanja."

Hajashtuka hata kidogo!

Ijumaa, 8 Machi

Kigingi. Benki inasema kwa kuwa nina undugu na mtu mwenye madaraka, lazima wanihoji kwanza, uso kwa uso kwenye simu. Na niwe peke yangu chumbani. Peke yangu! Tangu nizae sijawahi hata kuoga peke yangu. Kijino huketi mlangoni na kopo lake, akigonga kama askari wa zamu.

Jumamosi, 9 Machi

Mume kazini. Mama nimemtuma sokoni na Kijino, nikamwagiza vitu ambavyo sokoni havipo, ili akawie. Akili hiyo!

Nikapokea simu sebuleni kwa mama. Binti wa benki alikuwa mpole, Kiswahili chake kimenyooka. Akataka kujua huyo mtu wa familia ana madaraka gani. Nikamweleza kwamba yeye ndiye huamua nani anunue nini, nani alale wapi na nani aombe radhi. Binti akaandika. Akauliza alichaguliwa na nani.

Pazia likafunguka. Mama huyo, Kijino begani, akainama mpaka uso ukajaa kwenye simu.

"Sikuchaguliwa. Nilizaa."

Binti alikohoa muda mrefu. Akasema hilo swali lilikuwa la mawaziri na majenerali, basi jina la mama analiondoa. Mama akakasirika. Akauliza anaondolewa kwa kosa gani.

Kisha akanigeukia mimi. Nikayamwaga yote: ng'ambo, akiba, cherehani, barua ya kliniki. Akauliza kwa nini nimfiche. Nikasema, "Makochi, Mama."

Akakaa juu ya kochi. Akainuka tena upesi, kama limemuunguza. Akasema wifi alimletea salio tu, habari za cherehani hakuzisikia kwa mtu. "Mdomo wako ulionyamaza ndio ulionunua makochi, mwanangu."

Nikalia kidogo. Kijino naye akalia, kwa kunifuatisha. Binti wa benki akasema atapiga baadaye.

Jumatano, 13 Machi

Imefunguka! Akaunti ninayo! Mama amemwambia wifi kwamba akiba yangu haina kikao, na mume wangu ameahidi kuniwekea rafu ya nyuzi. Nina amani moyoni kama mtoto aliyeshiba.

Nimejifunza jambo kubwa: siri ikivuja, ujue haikufungwa vizuri.

Ndiyo maana hili halijui mtu. Cherehani ikija, kazi ya kwanza ni gauni la mama, la kudariziwa shingoni na mikononi, na asijue lolote mpaka siku ya kulivaa. Shida ni vipimo vyake. Nimewaza, nikapata. Kesho nitamwambia kliniki ya Kijino inataka kifua na kiuno cha bibi.

Hatashtuka.