Siku Mama Alipotaka Kumwombea Mwenye Hoteli

Leo nimeaibika mbele ya Wachina sitini. Sitini! Niliwahesabu nikitafuta njia ya kutokea.

Mama yangu ametoka Nyeri kuja hapa Kenmore, kando ya mji wa Buffalo, Amerika, kunisubiria mtoto. Nimebakiza wiki tano. Wanawake wenzangu mnajua: ukijifungua ughaibuni bila mama yako, uji unajipikia mwenyewe huku unalia. Kwa hiyo huyu mama ni wa kubembelezwa.

Shida ni chakula. Tulimpeleka Louisville kwa kaka yangu, akapewa piza. Tukapitia Columbus kwa binamu, akapewa bata mzinga aliyemwagiwa mchuzi wa matunda. Mama akautazama ule mchuzi, akauliza, "Hii jam inafanya nini kwa nyama?" Ugali ninampikia, lakini anasema unga wa huku hauna nguvu.

Anachotaka Mama ni chakula cha Wachina. Msishangae. Miaka minne aliwauzia mboga Wachina waliokuwa wakijenga barabara yetu, na kila mchana mpishi wao alimkalisha jikoni akampa bakuli lake. Sasa ni mtaalamu. Juzi nilimnunulia wale kuku wenye sukari wa pale kwenye maduka makubwa. Akaonja kipande kimoja, akafunika.

"Hawa si Wachina, Njeri. Hawa wanaigiza."

Asubuhi hii ametoka chumbani na pasipoti mkononi.

"Hebu uliza hao watu wa ndege kama naweza kurudi wiki ijayo."

"Na mtoto, Mama?"

"Si nitamwona kwa simu?"

Nikampigia mwenzangu wa kazini, akanielekeza mkahawa ambao Wachina wenyewe hula, huko upande wa pili wa Buffalo. "Umeshikana na ukumbi fulani. Utaona maandishi mekundu." Sawa. Miaka kumi na moja Amerika, mimi nitapotelea wapi? (Swali zuri sana.)

Tumefika saa saba mchana: mimi, Mama, na binti yangu Shiru wa miaka tisa. Milango miwili. Yote ina maandishi mekundu! Mmoja kimya kabisa. Mwingine watu wanaingia wamependeza, na harufu ya kitunguu saumu inatoka mpaka barabarani. Kwetu hoteli nzuri ni ile iliyojaa watu. Nikachagua.

Mlangoni mwanamume wa suti akatukaribisha kwa mikono miwili. Akaona tumbo langu, akanitafutia kiti chenye mto. Nikamwambia Mama, "Unaona huduma?" Nilijisikia mwenyeji kamili.

"Mom, I think this is a party," Shiru akaninong'oneza, eti hii ni sherehe.

"Kula," nikamwambia.

Chakula kilikuwa kimepangwa kwenye meza ndefu, kila mtu anajipakulia. Mama akachukua biringanya. Akaonja. Akafumba macho.

"Njeri. Hawa ndio wenyewe."

Nilikaribia kulia kwa furaha. Mama akarudi mezani mara tatu. Mimi nami nikachangamka, nikamwita yule wa suti aje apanguse meza yetu. Akapangusa! Nikamwambia tambi zimepoa kidogo. Akaenda kuzipasha moto! Nikaomba vikopo vya kufungia chakula cha kwenda nacho, pamoja na bili. Vikopo akaleta. Kuhusu bili akatabasamu tu. Nikamsifu moyoni, maana hoteli nyingi za hapa hukuletea bili hujameza.

Hapo ndipo Mama aliposimama.

Mnawajua akina mama wa kanisa. Akishiba lazima ashukuru, na si kimoyomoyo. Akagonga glasi kwa kijiko. Ukumbi mzima ukamgeukia.

"Shiru, watafsirie. Bwana asifiwe! Mimi nimetoka mbali. Tangu nije Amerika sijala. Leo nimekula! Naomba mwenye hoteli asimame tumwombee, Mungu ampanulie biashara, afungue nyingine hata Nyeri."

Shiru akatafsiri neno kwa neno. (Mtoto huyu huyu nikimwambia atandike kitanda, Kiswahili hakijui.)

Hakuna aliyesimama.

"Mwambie asione haya!" Mama akaongeza.

Yule wa suti akaja polepole, akainama karibu na sikio langu. Kwa upole wote duniani akanieleza kwamba mkahawa ni mlango wa pili. Hapa ni sherehe ya baba yake kutimiza miaka themanini, yule mzee wa sweta nyekundu pale karibu na keki. Na yeye si mhudumu. Ni daktari wa meno.

Jamani! Nimemtuma daktari wa meno apashe tambi!

"Mama, twende," nikamvuta. "Ni birthday ya mtu. Hatukualikwa."

"Birthday ya nani?"

"Ya yule mzee."

"Basi si tumwombee mzee?"

Na akamwombea. Dakika saba, mkono juu ya kichwa cha mzee wa watu, na simu zote hewani zikirekodi. Alipofika amina, mke wa mzee alikuwa akifuta machozi (ya baraka au ya kicheko, sijui). Akamshika Mama mkono, wakaingia jikoni wakaangalie lile biringanya limepikwaje. Wamekaa huko saa nzima. Lugha ya pamoja hawana hata moja, lakini kicheko chao nilikisikia nilipokuwa nimekaa mbele ya keki, nikimtabasamia kila anayepita.

Tumerudi nyumbani. Mama amerudisha pasipoti kwenye begi, hasafiri tena. Nikadhani amemwonea mjukuu huruma. Wapi! Yule bibi amemwalika wawe wakipika pamoja kila Jumamosi, kutwa nzima, na Mama amesema hakosi hata moja.

Kwa hiyo ninyi mnaocheka, mkimaliza niombeeni tu nisijifungue Jumamosi.