Ng'ombe wa Filamu ya Kitamili

Jumatatu, 3 Oktoba 1955. Bihambwe, Masisi.

Habari kubwa. Bwana Murugesan, Mhindi mwenye duka kule Sake, anatuletea filamu ya mapenzi Jumamosi, kwenye uwanja wa kukaushia pareto. Yeye haji, anatuma dereva na mashine. Ila waigizaji ni watu wa kwao, wanazungumza Kitamili, na anatafuta mtu wa kutueleza. Nikasema mimi. Nilimfagilia duka msimu mzima, najua maneno matatu, chumvi, pilipili na "toka hapa". Yatatosha.

Sababu yangu ni Drocella. Baba yake, Papa Kanyamibwa, anataka kundi la ng'ombe. Mimi nina mmoja tu, Bihogo, mwekundu kama udongo wa njia, tena mvivu. Mzee hasikii la mtu, lakini akikiona kitu kwa macho yake anakiamini. Basi atakiona kwenye filamu.

Jumatano, 5 Oktoba.

Dereva kapita na magunia ya chumvi. Nimemnywesha pombe ya ndizi, akanisimulia filamu yote. Kijana maskini, binti wa mkulima, baba mkali, mafuriko, nyimbo, harusi. Katikati kuna sikukuu, ng'ombe mweupe anavikwa maua. Ng'ombe mmoja! Huyo ndiye mahari. Sikulala vizuri kwa furaha.

Nimemwonya Munyakazi seremala, anayemtazama Drocella kanisani kupita kiasi, kwamba viti vya mbele ni vya wazee. Akasema atakaa nyuma. Hakubishana hata kidogo. Mtu wa kuchosha.

Jumamosi, 8 Oktoba.

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Nilisimama kando ya shuka jeupe na fimbo mkononi, nikaeleza kila kitu. Baba mkali aliponguruma, nikasema anajuta kuwa mkali. Yule maskini alipolia mtoni, nikasema ana kazi nzuri ya kupima pareto, kama mimi. Ng'ombe alipotokea na maua yake, nikapaza sauti: mahari ndiyo hii, mmoja tu, na kwa Watamili anayedai zaidi anachekwa. Papa Kanyamibwa akainamisha kichwa akiwaza.

Kisha yule binti akaimba, peke yake, baada ya mafuriko. Sijui alisema nini. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Nikaona watu wataniona nalia, basi nikaeleza kwa nguvu zaidi, mwanzo wa wimbo hadi mwisho: wasichana wasichelewe kuolewa, wapimaji wa pareto ni watu wa kuaminika, na mengine. Nadhani machozi niliyaficha vizuri.

Jumapili, 9 Oktoba.

Ushindi! Baada ya misa Papa Kanyamibwa alitangaza mbele ya watu wote: "Kama ule muzee wa mu filme alikubali ngombe moja, na miye nitakubali moja. Lakini ikuwe kama ile ile. Nyeupe, na nundu, na maua mu shingo."

Hilo la nundu sikulitarajia. Watu wote wakageuka kumtazama Munyakazi. Ana ng'ombe mmoja, alimnunua kwa mzungu aliyekuwa akihama, mweupe, na nundu kubwa mgongoni. Ng'ombe wa kwetu hawana nundu kama hiyo, basi wanamcheka Munyakazi kwa ajili yake. Jana walikuwa wanamcheka. Leo walimpisha njia.

Nilimfuata Drocella nimuulize kama wimbo ulimpendeza. Akasema, "Ule mama alikuwa anaimba mambo yake, na weye ulikuwa unaimba yako." Nimelichukua kama sifa.

Jumanne, 11 Oktoba.

Nisikate tamaa. Weupe ni chokaa, na chokaa ninayo. Nundu ni gunia dogo lililojazwa maua makavu ya pareto, lishonewe ngozi ya mbuzi. Bihogo amekubali kupakwa mpaka masikio. Nundu anaichukia. Munyakazi nilimkuta akimsugua ng'ombe wake kwa majani, bila haraka. Nilimwambia ng'ombe wa Kitamili hasuguliwi. Akashukuru.

Ijumaa, 14 Oktoba.

Siku ya kuomba mke, kwa yeyote mwenye ng'ombe kama wa filamu. Wazee wa upande wa Drocella wameketi na mitungi yao, msemaji wao akituchokoza kama desturi: hapa hakuna msichana, mmepotea njia, na kadhalika. Nikamwingiza Bihogo. Watu wakanyanyuka kumtazama. Alikuwa mzuri, nasema kweli.

Mvua ya Masisi haiombi ruhusa. Chokaa ilitiririka miguuni, Bihogo akawa mwekundu kwa mistari. Gunia likaloa, likateleza, likaning'inia chini ya tumbo. Msemaji akauliza kwa upole: "Kaka Floribert, hii nundu imeshuka, ao njo mimba?"

Hata mama yake Drocella alicheka akashika nguzo.

Munyakazi akaja nyuma yangu na ng'ombe wake wa kweli. Papa Kanyamibwa akasema aulizwe binti. Nikapata matumaini, maana si ng'ombe atakayelala naye nyumba moja. Drocella akasema anamtaka Munyakazi. Msemaji akamuuliza kama ni kwa ajili ya nundu. Akajibu: "Hapana. Wakati ule mama alikuwa anaimba, niligeuka nyuma. Munyakazi njo peke yake alikuwa ananyamaza, machozi inashuka. Muntu wa kusikia vile, nitakaa naye."

Niliondoka na Bihogo kwenye mvua. Inaniuma. Naandika kwa kuwa hakuna wa kumwambia.

Jumamosi, 15 Oktoba.

Nimefikiri sana, kosa nimeliona. Drocella aliusikia wimbo. Kumbe nilieleza kwa sauti ndogo!

Dereva anasema mwezi ujao filamu inakwenda Burungu. Huko yuko Annonciata, na baba yake hajawahi kuona filamu. Nimekwisha kujiandikisha kueleza. Fundi bati ananitengenezea bomba la kusemea, refu, lenye mdomo mpana. Yule binti akianza kuimba, Burungu nzima haitamsikia hata neno moja.