Jinsi Fundi Randa Alivyonunua Unga wa Mbao

Zimeni redio, enyi watu wa mtaa wetu! Fungeni mabomba, teremsheni sufuria, na wewe uliyelala usingizi wa mchana amka ujifute mate, kwa maana nitawasimulia habari za vita visivyomwaga damu ila ya ng'ombe, na hata hiyo ilikuwa imekwisha kugandishwa na muuza nyama. Wengine na wawaimbe wafalme. Wafalme wana wapambe wao, nao hulipwa. Mimi ni mpiga vanishi. Nimezoea kung'arisha vitu visivyostahili, na leo zamu ni ya bosi wangu.

Huyo ndiye Fundi Randa, seremala wa maseremala, Mpasua Magogo, Bwana wa Pembe Mraba, ambaye mlango akiufunga unafungika na akiufungua haulii. Na mkewe ni mkunga, Bibi wa Zamu, Mpokea Mataifa, ambaye nusu ya mtaa huu alituona sisi kabla mama zetu hawajatuona. Wawili hawa wana nyumba moja, ua mmoja, na ugomvi mmoja, na ugomvi huo ndio uliozaa habari hii.

Jueni kwamba kila Jumapili ukoo hukutana uani kwa Fundi kula nyama ya kuchoma, na kwa miaka tisa mchomaji alikuwa Fundi mwenyewe. Alichomea kwenye jiko la mkaa lililodeka kuliko mtoto wa mwisho: usipolipepea linanuna, ukilipepea sana linaunguza, ukigeuka kupiga chafya limezima. Basi Fundi alisimama. Ndugu wakila, yeye alisimama. Wakicheka, alichelewa kusikia kilichochekesha. Alipojitoa kwenye moshi na kipepeo chake cha makaa mkononi, sahani zilikuwa zimekwisha oshwa, na Mpokea Mataifa alikuwa amekula tena peke yake katikati ya watu kumi, akitazama mgongo wa mumewe.

Ikawa Jumapili moja jiko lile likakata roho. Mguu ulivunjika, likainama taratibu kwa heshima zote, na kuku watatu wakamwagika mchangani pamoja na makaa yao. Hapo ndipo mkewe alipoondoka kwenye meza akaja akasimama mbele yake.

"Mume wangu," alisema, wala hakupandisha sauti, kwa kuwa mtu aliyezoea kelele za wodi ya wazazi hana haja ya kuongeza zake, "miaka tisa ninakula na mgongo wako. Sasa kanunue jiko linalojiangalia lenyewe. Ukileta jingine la kukusimamisha, mimi Jumapili nitakuwa naomba zamu. Kule kazini angalau kuna watu wananishika mkono."

Nilikuwapo. Nilikuwa naokota kuku. Niliuona uso wa Fundi, na hapo sitatia mzaha: aliumia.

Kisha akajitutumua, akainua kipepeo juu kana kwamba ni upanga, akanena, "Sikieni, enyi ukoo! Naapa kwa msumeno wangu na kwa timazi ya marehemu baba yangu, kwamba Jumapili ijayo nitakula nyama hii nikiwa nimekaa, makalio yangu yamegusa ubao, miguu yangu iko chini ya meza, na atakayenizuia na ajitokeze sasa!"

"Haya, tumesikia," akasema mkewe. "Lete maji tuwaoshe hawa kuku."

Ijumaa tukaingia vitani, wao wawili na mimi wa tatu, ambaye niliitwa kama mshauri nikatumiwa kama mkokoteni. Duka lilikuwa kubwa, lina ubaridi wa mashine, na majiko yalipangwa safu kwa safu, meusi, yamefumba midomo. Alitupokea binti wa dukani ambaye kibao cha jina lake kilikuwa kimegeuka nyuma mbele, na hadi leo hatujui anaitwa nani.

"Haya yanatumia peleti badala ya mkaa, baba," alieleza. "Unajaza kwenye tangi hili la pembeni, unachomeka kwenye umeme, unachagua joto unalotaka. Humo ndani kuna parafujo ndefu inazisukuma peleti kidogo kidogo mpaka kwenye moto, na feni inapuliza. Wewe unakwenda zako."

"Nakwenda zangu wapi?" Fundi akauliza. Kwa kweli hakujua.

"Popote, baba. Hata kukaa."

Mpokea Mataifa akafumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa vizuri.

Shujaa wetu akayakagua majiko kama akaguavyo mbao za msalaba. Kwanza alivutwa na lile kubwa kuliko yote, jeusi, refu, ambalo lingemtosha marehemu mnene. "Hili," alisema huku akilipapasa, "linaingia mbuzi wawili na kondoo wa akiba!" Mkewe akamkumbusha kwamba ukoo una watu kumi na mmoja, wawili hawana meno, na shemeji mmoja anakula kwa wivu tu. Likaachwa, ingawa Fundi aligeuka kulitazama mara tatu. Dogo la mfano wa sanduku la safari nalo halikufaa, maana kuku wangelazimika kuingia kwa zamu. Ndipo akalifikia la katikati. Akafungua mfuniko, akaufunga, akachomoa kitambulisho chake na kujaribu kukipenyeza kwenye ukingo pande zote nne. Hakikupita. Akatega sikio kwenye bawaba. Akalisukuma, magurudumu yakaenda. Akayafunga breki, yakagoma. Akainuka na machozi yakimlengalenga.

"Aliyeunda mfuniko huu," akanena, "simjui, lakini ningemwoza binti yangu."

"Una watoto wa kiume tu," mkewe akasema. "Chukua hilohilo."

Mkadhani vita vimekwisha. Vilikuwa havijaanza! Maana jiko ni moja, bali vikorombwezo vyake ni jeshi, na vilikuwa vinaning'inia ukutani vikimwita Fundi kwa majina ya sifa. Hapo Mpokea Mataifa akatunga sheria pale pale kati ya rafu, nayo ilikuwa fupi: kila kitu kijibu kama kinamkalisha mumewe au kinamsimamisha.

Fundi alikuwa ameshavaa makucha ya chuma ya kuchambulia nyama na anamngurumia binti wa watu. Yakavuliwa. Mtambo wa kumzungusha kuku ulipigiwa debe sana, kwamba kuku anajizungusha mwenyewe bila shida. "Na huyu atasimama kumtazama akizunguka," mkewe akahukumu, na ukarudi rafuni. Bali kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama, chenye waya mrefu na kioo kidogo unachoweza kukiweka mezani karibu na chumvi, kikilia nyama imeiva, hicho alikichukua yeye mwenyewe akakikumbatia. Turubai la kufunikia likapita, kwa hoja kwamba bila hilo mtu angekimbilia uani kila wingu likipita. Trei za bati jepesi za kukingia mafuta zikapita pia, kwa sababu hutupwa, hazisuguliwi. Koleo refu likapita bila mjadala. Na brashi ya waya ikakataliwa na Fundi mwenyewe, akiapa kwamba atachonga kikwangulio cha mti mgumu ambacho hakitaacha nyaya kwenye nyama, na mkewe akaridhia, maana kuchonga anachonga akiwa karakana, si Jumapili.

Simu ikalia. Mpokea Mataifa akasikiliza, akavaa mkoba begani. "Mapacha," alisema. "Hawana subira. Malizieni nyinyi." Akaondoka, na akili yetu ikaondoka naye.

"Bado peleti tu, baba," binti akasema. "Mifuko mingapi?"

Fundi akataka kuziona kwanza. Akaletewa kiganjani vipande vidogo, vya kahawia, vyenye umbo la dawa za mifugo. Akanusa. Akauma kimoja. Akakitemea mate, akakisugua kwa kidole gumba, kikafumuka. Uso wake ukabadilika.

"Binti," akasema polepole, "hiki ni unga wa mbao."

"Ndiyo baba. Umeshindiliwa."

"Vanishi, umesikia?" Akanigeukia, kisha akaligeukia duka zima, na wateja wakaacha walichokuwa wakifanya. "Mimi! Mimi ambaye unga wa mbao umeniingia masikioni, umelala kitandani mwangu, nimeunywa kwenye chai miaka thelathini! Mimi ninayemlipa mtu wa mkokoteni aje auondoe! Leo nitoe pesa yangu niubebe kurudi nao nyumbani? Hata wazimu una mpaka wake!"

"Lakini wa karakana una gundi, baba, na halafu ile parafujo—"

"Kwaheri, binti. Umetupokea vizuri."

Tukaenda. Boksi nililibeba mimi, na kiuno changu ni shahidi hadi leo.

Jumamosi mchana likaja jaribio. Fundi akasimamisha jiko uani, akavuta waya wa umeme kupitia dirisha la jikoni, akaleta debe la unga kutoka karakana. Nikamwambia, kwa sababu sitaki mtu aseme sikumwambia, "Fundi, humu mna gundi ya plaiwudi, na robo yake ni vanishi yangu."

"Kwani wewe ni fundi wa majiko?"

"Mimi ni fundi wa vanishi. Ndiyo maana nasema."

Akamwaga debe zima. Akabonyeza. Parafujo ikaguna mara moja kama mzee anayenyanyuka, kisha ikazunguka bure, maana unga ulijishika ndani ya tangi ukawa ukuta, na chini yake pakabaki uwazi. Fundi akauchokoa kwa rula. Ukuta ukaporomoka wote kwa pamoja, feni ikaupokea kwa furaha, moto ukaulamba, na uani pakatanda wingu la moshi wa manjano lenye harufu ya kabati jipya. Nguo za jirani zilikuwa kwenye kamba. Sitaeleza jirani alisema nini.

Ndani ya wingu hilo akatokea shemeji, kaka mkubwa wa Mpokea Mataifa, dereva mstaafu wa basi, Mtetezi wa Mkaa, mtu ambaye hajawahi kukosa mahali ambapo mwenzake anaaibika. Akatoa ndani ya jiko paja la kuku la majaribio, akatafuna, taya zikasimama.

"Shemeji," akanena kwa huzuni iliyojaa raha, "nimekula meza. Meza nzuri, sikatai, lakini ni meza. Usijali. Kesho naleta jiko langu la mkaa, wewe utapepea kama kawaida yako, na sisi tutakula kama kawaida yetu."

Na Fundi, enyi wasikilizaji, alitaka kukubali. Nilimwona. Mabega yalikuwa yameshuka, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshajikunja kama unashika kipepeo. Kushindwa kule alikuwa amekuzoea.

Ndipo mkewe akaingia kutoka zamu, viatu mkononi, miguu imevimba, mapacha salama. Akatazama moshi, debe, kaka yake, paja. Akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Unataka kuushinda huo unga," akamwambia mumewe, "au unataka kukaa na mimi?"

Fundi akaiweka rula chini. Aliingia ndani, akarudi na kijiko, akapiga magoti mbele ya tangi, akaanza kuuchota unga wake mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akafagia pembe zote kwa brashi ya rangi hadi parafujo ikang'aa. Kisha, bila kubadili nguo, akarudi dukani, nami nikamfuata ili historia isikose shahidi.

Binti aliuona unga kwenye nyusi zake. Aliuona na kwenye nywele. "Mifuko mingapi, baba?"

"Miwili," akasema Fundi Randa, Mpasua Magogo, kwa sauti ya mtu anayeungama.

Yule binti hakucheka. Alifunga mifuko vizuri, akamtakia siku njema, na Mungu ampe mume mwenye akili. Mimi nilicheka, lakini nilitoka nje kwanza.

Jumapili jiko likawashwa. Moshi ulikuwa mwembamba, wa bluu, ingawa jirani alianua nguo zake kwa kutuona tu. Kipimajoto kikachomwa ndani ya paja la ng'ombe, kioo chake kikakaa mezani. Na Fundi akazunguka uani asijue mikono yake aiweke wapi. Akafunua mfuniko mara moja. Akafunua mara ya pili. "Liache," mkewe akaita. "Pumua. Toa pumzi taratibu. Haya, njoo."

Kioo kikalia. Nyama ikakatwa. Shemeji akaonja, akachukua kipande cha pili, na huo ndio ushahidi pekee uliopatikana kutoka upande wake.

Kisha Fundi Randa akavuta kiti kilichokuwa wazi ubavuni mwa mkewe, akakaa. Akasogea kushoto, akasogea kulia, akainama kutazama chini.

"Kiti hiki kinayumba," akasema.

"Kinayumba," mkewe akakubali.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokitengeneza. Miaka sita. Nawakalisha wageni nisiowapenda."

Shemeji akaacha kutafuna. Mimi nikatazama sahani yangu, maana kiti hicho nilikipaka vanishi kwa mkono huu, nikaona, nikanyamaza.

Fundi akashika ukingo wa meza akaanza kunyanyuka akalete randa, ukoo mzima ukashusha uma, na mkewe akatazama sahani yake. Basi iandikwe, watoto wafundishwe, siku hiyo ipewe jina: Bwana wa Pembe Mraba alirudi chini taratibu, juu ya kiti kibovu cha kazi yake mwenyewe, akala akiyumba mpaka nyama ikaisha.