Karatasi ya Kwenda Bolgatanga

Jumatatu, 6 Oktoba

Nzisa ametafuna kona ya karatasi yangu sasa hivi na kumeza neno malaria. Nimemchokoa mdomo kwa kidole, hakuna kitu. Akanicheka na meno yake manne. Nampenda huyu mtoto, lakini hiyo karatasi, ninapoandika hatari za safari za kuwatisha wenzangu, ni siri.

Iko hivi. Mwethya wetu, kikundi cha akina mama wa kusuka vyondo hapa Kathiani, umealikwa Ghana, kaskazini kabisa, mahali panaitwa Bolgatanga. Akina mama wa huko husuka vikapu vya nyasi. Mmoja wetu ataenda wiki mbili mwezi wa kumi na mbili, tikiti imelipwa. Mwenyekiti, Mama Mutanu, atamtaja Jumamosi. Lazima niwe mimi. Sijawahi kupita Nairobi. Baba Nzisa yuko kiwandani Athi River, amesema niende. Nzisa atabaki na nani, sijui. Mungu ataonyesha.

Adui ni Kalondu, mwenzetu wa mwethya. Leo amepita hapa mara mbili, ati anasalimia. Nani husalimiwa mara mbili?

Jumatano, 8 Oktoba

Mike wa saiba amenisomea mashauri ya safari ya Ghana kwenye kompyuta yake. Sindano ya homa ya manjano na kadi yake, bila hiyo unarudishwa. Dawa ya malaria. Basi kutoka Accra ni kutwa nzima. Mwezi huo upepo wa jangwani huleta vumbi, midomo hupasuka, beba mafuta. Beba na sweta, asubuhi kuna baridi. Usipige mtu picha kabla ya kumwomba.

Nikafikiria. Nani ataogopa mafuta ya midomo? Nikaongeza chumvi. Basi likawa siku tatu. Sindano ikawa ya mgongoni. Nikaweka fisi. Mike akauliza fisi wametoka wapi. Nikamwambia achape tu.

Kalondu amekuja tena. Akauliza kama Nzisa hunywa maziwa ya ng'ombe, na kama hulala bila kubebwa. Hayo ni maswali ya polisi. Anataka kumwambia Mama Mutanu kwamba nimefungwa na mtoto. Nikajibu huyu hulala hata juu ya mawe. Akafurahi. Mbona afurahi?

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimesomea mwethya karatasi yangu, polepole, nikipumzika penye fisi. Vyondo vikawekwa chini. Mmoja akasema hata safari ya Matuu hapa karibu humuumiza kichwa. Mwingine akasema mgongo wake ni wa kubeba maji, si wa sindano. Wakajitoa mmoja mmoja. Mimi macho chini, kwa unyenyekevu.

 Mama Mutanu akasema jina lilikuwa limeamuliwa tangu wiki jana, na jina ni Wanza. Ni mimi! Akaendelea. Desturi ya mwethya, hakuna anayesafiri kabla mwenzake hajasimama na kusema, boma lake nitalishika mimi. Kalondu alikuwa ameshasimama kwa ajili yangu. Ndiye angekaa na Nzisa. Ndiyo sababu ya maswali ya maziwa.

"Lakini mama anayenyonyesha hatumpeleki kwa fisi," akasema Mama Mutanu. "Wewe mwenyewe umetusomea."

Nikasema labda Mike alikosea kuchapa. Nikasema fisi wa huko ni wadogo. Nikaulizwa kama wadogo hawaumi.

Akatafutwa mwingine. Wote wakarudia vyondo vyao. Kalondu akasema watoto wake wamekua, akiliwa ni sawa. Wakampigia makofi. Na boma lake nitalishika mimi, ng'ombe wawili na bata sijui wangapi.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimelia kidogo kanisani, watu wakadhani ni mahubiri. Nzisa akanipangusa kwa mkono wenye uji.

Lakini nimefikiria vizuri. Hakuna mtu hujitolea kukulelea mtoto wiki mbili hivi hivi. Kalondu alijua nitasoma ile karatasi. Alipanga haya yote, na hiyo roho nzuri ni mtego. Sawa. Bado hajapanda ndege. Kosa langu lilikuwa fisi, nilizidisha. Safari hii nitaandika kitu cha kuaminika, ukurasa wa pili, kuhusu malazi. Kwamba mgeni wa Bolgatanga hulazwa juu ya paa, ngazi ikishaondolewa hurudishiwi mpaka umemaliza kusuka vikapu kumi na...

Naitwa. Ni Kalondu, yuko langoni, ati niende nimsaidie kuhesabu bata.