Mtambo wa Kutaja Siku

Mheshimiwa Gavana, ambaye hakuweza kufika, Mheshimiwa Naibu Gavana, ambaye naye hakuweza, Baba Paroko Abelardo, uliyefika kwa kuwa uwanja huu ni wa kanisa lako, wana wa ukoo wa Piedrahíta, nanyi mliooa au kuolewa katika ukoo wa Piedrahíta, yaani Santa Elvira nzima, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mstari wa mbele, walioahidiwa soseji.)

Mimi, Daktari Hernando Botero Zuluaga, Katibu wa Mkoa wa Mipango ya Baadaye, mnayeniita Daktari kwa mapenzi tu kama mnavyomwita kila mwenye tai, kwani nilisomea upimaji wa viwanja, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao mimi mwenyewe huwa unanishangaza.

Ugonjwa wa kusahau, ule mnaouita bobera, umekuwa ukirithishwa katika milima hii kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na umekuwa ukianza bila taarifa, bila kibali, na bila kufuata taratibu za serikali. Mmoja unamwanza akiwa na miaka arobaini na minne, mwenzake hamsini, na dada yao haumwanzi kabisa, anazeeka akikumbuka ugomvi wote wa mtaa. (Kicheko. Sauti: "Huyo si shangazi Fabiola huyo?") Hali hii, ndugu wadau, haivumiliki kimpangilio. Ndiyo maana ofisi yangu, baada ya mchakato shirikishi, upembuzi yakinifu na safari nne za mafunzo katika fukwe za Cartagena, imewaletea Mtambo wa Kidijitali wa Kutaja Siku, huu hapa nyuma yangu chini ya shuka. Mtu anaweka kidole, nao unamtajia siku, mwezi na mwaka ugonjwa utakapomwanza, akapange mambo yake kama raia mstaarabu.

(Mama mmoja wa mstari wa tatu, Doña Ercilia, anasimama: "Mbona friji ya Eleázar imevaa shuka?" Kicheko. Binti yake Doralba anamkalisha taratibu.)

Tumvumilie mama yetu, maana ndiye kielelezo hai cha tatizo lenyewe. Nikiendelea na takwimu: asilimia mia moja na nne ya wananchi wameuridhia mtambo huu, hao wanne wa ziada wakitoka mji jirani kwa wivu. Naona mkono. Mama yangu, uliza, ila kwa ufupi, kwa kuwa mrefu ni mimi.

(Doralba: "Daktari, mimi nina arobaini na moja. Mama yangu huyu ulimwanza akiwa na arobaini na tano. Argemiro amenichumbia, mwaka wa sita huu, na kila mwaka namwambia asubiri huo mtambo wenu mnaotuahidi. Nitajie siku yangu leo. Nijue kama naolewa, au namwacha mwenzangu akatafute kwingine." Argemiro anakunjakunja kofia yake.)

Swali zuri sana, nami nitalijibu kwa mapana ili lisionekane. Siku yoyote itakayotajwa, ofisi yangu imejipanga kuisogeza mbele, na katika hilo uzoefu tunao. Daraja la hapo bondeni lilikuwa lianze zamani za mtangulizi wangu, halijaanza. Maji ya bomba hayajaanza. Zahanati haijaanza. Hakuna jambo lililowahi kukabidhiwa ofisi yangu likaanza.

(Sauti: "Basi bobera naye akabidhiwe Daktari, tumepona." Makofi marefu kuliko yote ya leo.)

Nashukuru kwa imani hiyo. Santa Elvira, mbele! Kumbukumbu, kwanza! Bobera, subiri! Kwa kumalizia, nawashukuru wapishi wa soseji, namshukuru mke wangu kwa shuka, na namshukuru Don Eleázar wa dukani kwa kutuazima friji, aje aichukue kabla soda hazijapata moto, kwani mtambo wenyewe bado uko katika hatua ya kufikiriwa.

(Doña Ercilia: "Nilisema mimi.")

(Doralba anasimama. "Kumbe miaka sita nimesubiri soda. Baba Paroko, Jumamosi una nafasi?" "Asubuhi nina ubatizo, mwanangu. Mchana nipo." "Basi mchana. Ugonjwa ukianza kesho au ukianza uzeeni, utanikuta nimeolewa. Argemiro, umesikia?" "Nimesikia." "Na siku nikikusahau?" "Nitakutongoza upya. Si nimeshazoea?" Vigelegele. Mstari wa mbele unasahau soseji.)

Ndugu wadau, tulieni, tulieni. Iingie kwenye taarifa ya utekelezaji kwamba leo hii, mbele ya mashahidi, mradi umetaja siku yake ya kwanza: Jumamosi, mchana. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Vijana wawili shikeni friji upande huu, tuishushe.

(Doña Ercilia, akiwa ameshaketi njiani kuwazuia: "Iacheni hapohapo. Jumamosi tuna harusi.")